Mzigo Usio na Namba

Ujumbe uliingia kwa sauti, usiku, baada ya isha. Binti mzaliwa wa Tanga anayeishi Hamburg, Ujerumani, alizungumza kwa adabu lakini kwa mkazo: "Shikamoo mama. Ile misala haijafika mpaka leo. Nimesubiri hadi nimechoka. Naomba tu unirudishie hela yangu." Huku Bagamoyo, mtaa wa Magomeni, mama aliyeisuka misala hiyo aliusikiliza ujumbe, akaurudia tena, kisha akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka uliokuwa bado haujashonwa ukingo.

Mama huyo anasuka tangu akiwa msichana. Hununua ukindu, huuchana, huuchemsha na rangi, huuanika, husuka ukili pima kwa pima, kisha huushona ukili kwa ukili mpaka mkeka utimie. Mkeka mmoja mzuri hula wiki kadhaa. Zamani wateja wake walikuwa wa kufika kwa miguu: familia za Dar es Salaam zilizokuja kupumzika Jumapili, wageni wanaozuru magofu ya Kaole, wanafunzi wa chuo cha sanaa, TaSUBa. Simu ndiyo iliyomletea wateja asiowaona. Wengi wao ni Waswahili walioolewa au kuajiriwa mbali, wanaotaka nyumbani kwao kuwe na kitu cha pwani.

Oda ya Hamburg ilikuwa misala miwili na kawa moja. Malipo yalipitia huduma ya kutuma pesa kutoka Ulaya inayoingiza moja kwa moja M-Pesa, kwa hiyo shilingi zilikuwa zimeshafika kwenye simu ya mama kabla kifurushi hakijafungwa. Walipofika kwenye suala la kusafirisha, mama alitaja bei mbili: ya rejesta na ya kawaida. Binti akachagua ya kawaida. "Mimi sina haraka, mama," alisema, na sauti yake ile bado ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu.

Kwa maana hiyo muuzaji alikuwa na ngao mbili. Ya kwanza ni kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye aliyechagua njia isiyo na namba ya kufuatilia. Ya pili, pesa haikuwa na namna ya kumtoka mkononi bila ridhaa yake. Angeuza kupitia mfumo kama wa PayPal, mambo yangekuwa tofauti: humo mnunuzi ana siku 180 tangu alipe za kufungua malalamiko kwamba mzigo haujafika, na muuzaji asiye na uthibitisho wa kufikisha hana cha kujitetea nacho. Hapa hapakuwa na msimamizi wala mwamuzi. Palikuwa na sauti ya binti, na mama mwenye fedha ya mtu aliye mikono mitupu.

Hakujibu usiku ule. Asubuhi, baada ya chai, alituma picha tatu: stakabadhi ya posta yenye mhuri wa tarehe, kifurushi chenyewe kabla ya kukabidhiwa kaunta, na upande wa kifurushi wenye anwani ikisomeka vizuri. Picha hizo alizipiga mwanawe kwa mazoea tu. Kisha mama akasema kwa sauti yake: "Marahaba mwanangu. Pole. Sijakataa kurudisha. Naomba kwanza tutafute, mimi huku na wewe huko."

Maneno hayo yanastahili kuangaliwa. Wauzaji wengi, dai likiingia, huanza na kujitetea: nilituma, risiti ninayo, wewe ndiye uliyetaka rahisi. Yote yanaweza kuwa kweli, na bado mnunuzi anachosikia ni kwamba pesa yake imeliwa. Akishasikia hivyo hatafuti tena mzigo. Anatafuta watu wa kuwaeleza alivyodhulumiwa. Mama wa Magomeni aliliweka suala la fedha mahali pa wazi, halikukataliwa wala halikukubaliwa, na hapohapo akampa mwenzake kazi ya kufanya.

Kazi ilikuwa ya maswali manne. Je, anwani iliyoandikwa ndiyo hasa inayotumika pale mlangoni? Majirani wameulizwa? Kuna barua yoyote kutoka forodha? Kuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayepokea barua?

Aliyezoea posta ya Tanzania, ambako barua nyingi huishia kwenye sanduku la kukodi na mwenyewe huenda na ufunguo wake, anaweza kuyaona maswali hayo kuwa ya ziada. Ujerumani barua hupelekwa mlangoni. Asipokuwapo mwenyeji, kifurushi mara nyingi huachwa kwa jirani na kikaratasi kikatumbukizwa kwenye kisanduku kumjulisha. Na kisanduku hicho lazima kiwe na jina. Mpeleka barua hatafuti namba ya chumba. Anatafuta jina la ukoo lililobandikwa, na asipoliona, barua inarudi ilikotoka au inakwama njiani. Kisha kuna forodha. Tangu Julai 1, 2021, Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa ndogondogo zinazonunuliwa nje. Kabla ya hapo za hadi euro 22 zilipita bila kodi hiyo. Karatasi za mzigo zisipojitosheleza, forodha huuzuia na kumwandikia barua mpokeaji ajitokeze na uthibitisho wa bei. Barua hiyo nayo inahitaji kisanduku chenye jina.

Binti alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu kwa uaminifu. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya mtu. Kisandukuni palikuwa na jina la mwenye nyumba peke yake. Anwani aliyoituma Bagamoyo haikutaja kwamba mzigo upitie kwa mwenyeji huyo.

Je, hilo ndilo lililoupoteza mzigo? Hakuna anayeweza kuapa. Kisicho na namba hakiachi nyayo, na mahali pa kupotelea kati ya Bagamoyo na Hamburg ni pengi.

Mji wa Bagamoyo una historia yake katika jambo hili, na inafaa kuikumbuka. Novemba 1870, John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alituma msafara mdogo wa mizigo na barua kwenda kwa David Livingstone huko Ujiji. Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo mwanzoni mwa 1871, msafara huo ulikuwa bado umekaa mjini. Baadaye, bara, aliliona fuko la barua lenyewe. Lilikuwa limepigwa lakiri, limeandikwa jina la Livingstone, tarehe 1 Novemba 1870, na maneno ya kuonyesha kuwa zilizomo ni barua za rejesta. Stanley alipiga hesabu akaona zimekaa Bagamoyo siku 100, ng'ambo tu ya mlango wa bahari kutoka Zanzibar. Livingstone mwenyewe alipoingia Ujiji, Oktoba 1871, alikuta shehena nyingine aliyotumiwa imeuzwa yote na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Neno rejesta liliandikwa kwenye fuko, lakini njiani hapakuwa na mtu wa kuandika lini limepokelewa, na nani, na limekwenda wapi. Lakiri na maandishi havikutosha.

Rejesta ya leo ina maana kwa sababu ya kuandikwa huko kwa kila kituo. Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, ndio uliopanga namba inayotumika nchi zote wanachama: alama 13, yaani herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ya mtumaji, ambazo kwa Tanzania ni TZ. Rejesta huanza na R, huduma ya haraka ya EMS huanza na E, kifurushi kikubwa huanza na C. Tarakimu ya tisa hupatikana kwa kuzikokotoa zile nane zilizotangulia, ili mtu akikosea kunakili, kompyuta igundue papo hapo. Mzigo wa rejesta usipofika, aliyetuma ana miezi sita ya kuuliza habari zake, na ikithibitika umepotea kuna fidia, ingawa ina kikomo. Haki hiyo ya kuuliza kwa kawaida ni ya aliyetuma, maana ndiye aliyefunga mkataba na posta. Mnunuzi wa Hamburg angeweza kwenda posta ya kwao kila siku asipate jibu.

Hayo mama aliyasikia kaunta. Karani alimweleza bila kumzungusha: kilichotumwa kwa kawaida hakina cha kuingizwa kwenye kompyuta, na fidia haipo. Stakabadhi inathibitisha kwamba siku fulani mtu fulani alilipia uzito fulani. Haithibitishi kwamba kilifika, wala haithibitishi kwamba hakikufika.

Nyumbani maoni yaligawanyika. Kaka yake alisema asirudishe hata senti, kwani mtu akishazoea kurudishiwa, kila mzigo utapotea. Hofu hiyo si ya kubezwa. Wapo wanunuzi wanaopokea mzigo na kusema haujafika, na muuzaji mdogo hana namna ya kuwajua kwa kuwatazama. Mwanawe, ambaye ndiye anayemshikia biashara ya simu, alileta hoja ya sheria, na hoja yake ilikuwa na mashiko.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, imefuata mwendo wa sheria ya Uingereza ya 1893. Kwa sheria hiyo, muuzaji aliyeruhusiwa kusafirisha bidhaa akiikabidhi kwa msafirishaji, huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi, mpaka ithibitike vinginevyo. Mwana akasimama hapo. Lakini sheria inaendelea: muuzaji anapaswa kufanya na msafirishaji mapatano yanayofaa kulingana na aina ya bidhaa na mazingira yake. Asipofanya hivyo na bidhaa ikapotea njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kuwa amekabidhiwa. Je, kutuma kazi ya wiki kadhaa bila namba ni mapatano yanayofaa? Wakili angejibu kwamba mnunuzi aliridhia, na huenda angeshinda.

Huko anakoishi binti, kanuni imekaa kinyume. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2011/83, yanayotumika tangu Juni 2014, yanasema hatari ya kupotea bidhaa inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mlaji aishike mkononi. Hali hubadilika pale tu mlaji anapoleta msafirishaji wake mwenyewe ambaye muuzaji hakumpendekeza. Kuchagua njia ya bei nafuu katika zile alizotajiwa na muuzaji hakumwondolei mlaji ulinzi huo. Ni vigumu kumfikiria mtu akifunga safari ya mahakama kwa ajili ya misala miwili, toka Hamburg hadi Bagamoyo. Hata hivyo muuzaji anapaswa kujua kwamba mteja wake wa Ulaya hakuwa anadai kitu cha ajabu. Alidai alichozoea kupata katika kila duka la huko.

Mama hakuingia kwenye ubishi wa sheria. Alipanga tarehe. Alimwambia binti watasubiri hadi mwisho wa mwezi uliofuata, kwa sababu kifurushi cha kawaida huweza kuchelewa na kikaja. Siku hiyo ikifika bila mzigo, watamaliza. Kuweka tarehe kulituliza pande zote mbili. Ujumbe wa "vipi mama?" ulikoma, na binti akatumia muda ule kuzungumza na mwenye nyumba, kuandika jina lake kisandukuni, na kuuliza ofisi ya forodha ya jirani.

Mzigo haukuja.

Wakakubaliana hivi: bei ya misala na kawa irudi yote, nauli ya posta isirudi, na endapo kifurushi kitatokea siku yoyote, binti atarudisha fedha kwa njia ileile. Likabaki swali la kuirudisha. Mama aliye Bagamoyo hana njia nyepesi ya kutuma kiasi kidogo hadi Ujerumani; makato yangekula sehemu kubwa. Binti ndiye aliyepata ufumbuzi: fedha iende Tanga, kwa mama yake mzazi. Msukaji alimpigia simu kwanza, wakasalimiana, wakajuliana hali, akamweleza kisa chote ili fedha isije ikaingia kama ya bahati nasibu. Kisha akatuma, na akaongeza ya kutolea.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, alifanya sawa, na usawa huo hautokani na huruma peke yake. Muuzaji ndiye aliyeiweka njia ya kawaida mezani. Yeye ndiye anayesimama kaunta na kujua njia hiyo ina nini na haina nini. Mteja anasikia bei mbili tu, na kila mtu akisikia bei mbili bila maelezo huchagua ndogo. Tena mteja wa mbali amelipa kabla ya kuona. Mteja wa Dar es Salaam mara nyingi hulipa mzigo ukifika, kwa hiyo kwake muuzaji hubeba hatari tangu mwanzo bila kulalamika. Kwa nini wa mbali, aliyemwamini zaidi, ndiye abebeshwe? Kuhusu nauli, ni haki kwamba haikurudi: huduma ya kupeleka ililipiwa, na kasoro ya anwani ilitoka kwa mnunuzi.

Hukumu ingebadilika kama binti angekataa kujibu maswali. Mtu ambaye mzigo wake umepotea kweli huhangaika: anapiga picha kisanduku chake, anauliza majirani, anatoa hata habari inayomtia yeye mwenyewe makosani, kama binti huyu alivyotoa. Anayeanza na vitisho, akataka fedha leoleo, na kila swali akaliona tusi, muuzaji ana haki ya kumwambia kwamba bila ushirikiano hakuna marejesho.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wa nje hupenda kuliomba: mzigo uandikwe "zawadi", na thamani yake ishushwe, ili forodha isitoze. Mama huyu hukataa, na anafanya vema. Karatasi ya forodha hutiwa saini na mtumaji. Ikisema ndani mna zawadi ya dola tano, basi siku ya kudai fidia karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa, na mtumaji hatakuwa na uso wa kusema mlikuwa na bidhaa ya dola hamsini.

Namba, hata hivyo, haihitaji kuwa ya kompyuta. Kijana mmoja wa Kerege, katika barabara ya kwenda Dar es Salaam, anauza spea za pikipiki na kuzituma kwa mabasi. Kila mzigo anaoupakia kwenye Coaster ya kwenda Makumbusho, hupiga picha ya namba ya gari, huchukua namba ya simu ya kondakta na kuhakikisha inaita palepale, kisha huvituma vyote kwa mteja pamoja na saa ya kuondoka. Siku moja mteja alilalamika kwamba gari limefika na mzigo haupo, akataka fedha yake. Kijana alimpigia kondakta. Mzigo ulikuwa umesahaulika chini ya kiti na tayari ulikuwa unarudi Bagamoyo, umeshapita Bunju. Mteja akaupata jioni ileile kwa gari jingine. Picha ya namba ya gari haikumgharimu kijana chochote, na ilifanya kazi ambayo fuko la Livingstone lilikosa mtu wa kuifanya.

Wauzaji wa pwani wanaosafirisha kazi za mikono, iwe ukili, vinyago au vijaluba vya kuchonga, wanaombwa wasiwe na bei mbili. Kama njia ya kawaida ni lazima, kwa kitu cha thamani ndogo sana, basi mteja aambiwe kabla ya kulipa, kwa maandishi, kwamba kikipotea hakitafutiki, na ielezwe hapohapo nani atabeba hasara. Anwani nayo iombwe upya kila mara, mteja mwenyewe aiandike, ikiwa na jina lililopo kwenye kisanduku cha barua.

Mama wa Magomeni anaendelea kusuka. Kifurushi cha Hamburg hakijaonekana mpaka leo. Mikeka yake inayokwenda nje sasa ina bei moja tu, rejesta ikiwa ndani yake, na namba ya alama 13 humfikia mteja siku ileile stakabadhi inapogongwa mhuri.